Miti ya Madiwani

Tulimzika karani Makori siku ya Alhamisi, kwake juu ya Nyaramba, kati ya majani chai na migomba, na mvua ilitungoja mpaka kaburi likafunikwa. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, safu ya nne, nyuma ya wanawake wa kanisa lao Katoliki. Wasemaji walikuwa wengi, kama kawaida yetu. Mmoja alimsifu marehemu kwa mwandiko mzuri, mwingine kwa kutochelewa kazini hata siku moja. Mwanamume aliyekaa mbele yangu akamwinamia jirani yake, na sauti hakuishusha sana. "Wanamsifu bure. Si huyu ndiye aliwagawia madiwani uwanja wa mji? Na ile hadithi yake ya miti." Jirani akacheka kwa pua. "Sasa aende akagawe huko anakoenda." Mjane wake, Mama Dennis, alikuwa hatua tatu kutoka pale. Hakugeuka. Niliona tu mabega yake yakipanda na kubaki juu, kama mtu aliyemwagiwa maji baridi.

Mimi najua wazo la miti lilitoka wapi. Lilitoka kwangu. Nimelijua hilo zaidi ya miaka arobaini na sijawahi kulisema kwa sauti, na siku ile ya mazishi pia sikulisema. Nilikula wali na nyama pamoja na wengine, nikashikana mikono na watu, nikarudi nyumbani. Kesho yake nilitoa daftari zangu chini ya kitanda nikatafuta ya mwaka ule, maana wiki iliyofuata manispaa mpya ilikuwa inaita watu kusikiliza kesi ya uwanja, na nilijua jina la Makori litatajwa tena, na safari hii hatakuwepo kujibu. Naandika sura hii nikiwa na daftari hilo pembeni. Ya nyumbani kwangu mwaka huo sitayaandika, hayakuwa na tofauti na ya watu wengine. Jina la mji pia sitalitaja. Uko katikati ya Kisii na Magwagwa, inatosha. Waliokosea wengine wako hai, na waliokufa wana watoto.

Mwaka huo ndio mji wetu ulipewa baraza lake. Kabla ya hapo ulikuwa soko na dispensari na barabara. Baraza halikuwa na jengo, kwa hiyo lilipanga chumba nyuma ya mashine ya kusaga unga. Mashine ikiwaka, mwenyekiti alinyamaza. Ikizimwa, alianza tena pale pale alipoachia, hata kama ni katikati ya neno. Unga ulipita chini ya mlango ukakaa juu ya mafaili na kofia za wazee. Karani Makori alikuwa na brashi ya viatu ambayo haikujua kiatu, kazi yake ilikuwa kufuta kitabu cha mikutano kabla hajaandika. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na mitano. Nilikuwa nimeajiriwa kwa barua kuwa mtunzaji wa kitalu cha miche cha baraza, na vibarua wawili walikuwa chini yangu. Kitalu kilikuwa nje ya dirisha la chumba kile. Dirisha halikuwa na kioo, kwa hiyo niliyasikia mengi. Sisemi nilisikia yote. Mashine ilikula mengine.

Watu wa leo hufikiri mji hupangwa na ramani. Wetu ulipangwa kwa kubishana, na ramani ikaja baadaye. Nakumbuka siku ya bomba na choo. Serikali ilikuwa imekubali kutoa bomba moja la maji na choo kimoja cha watu wote kando ya uwanja, na madiwani walitakiwa kuchagua kila kimoja kikae upande gani. Diwani Ombati alikuwa mfanyabiashara wa ndizi, mtu mnene, mwenye sauti ya kuuzia. Nilimsikia akisema, "Bomba liwe upande wangu. Watu wangu ndio wana kiu."

"Na choo?" mwenyekiti akauliza.

"Choo kiwe upande wa wenye tumbo la kuendesha."

Walicheka wote, na hata mimi nje nilicheka, mkono ukiwa ndani ya udongo. Halafu wakaanza kukikataa choo mmoja mmoja, huyu ana kanisa karibu, yule ana hoteli, mwingine mama yake anaishi hapo. Mwenyekiti, Mzee Nyang'au, mkulima wa majani chai, Msabato kama mimi, aliwaacha wamalize. "Basi kiwe upande wangu," akasema. "Hata mimi naenda choo." Mashine ikawashwa, na jambo likawa limepita.

Uwanja wenyewe ndio ulikuwa na vita. Ulikuwa mteremko mtupu chini ya soko, wenye chemchemi ndogo pembeni, na wengi walitaka vibanda vya kupangisha. Mzee Nyang'au alitaka bustani. Neno hilo walilicheka. Bustani ya nini, na kila mtu ana shamba? Aliwajibu polepole, na siku hiyo mashine ilikuwa imeharibika, kwa hiyo nililipata lote na nikaliandika. "Mama ametoka dispensari na mtoto mgonjwa, anangoja gari la Kisii. Anangoja akiwa amekaa wapi? Kwenye veranda ya duka la mtu, akiambiwa asogee. Mahali usipoweza kukaa bila kununua kitu, hapo ni duka. Mimi sikuchaguliwa kuwa mwenyekiti wa duka." Ikapita kwa kura moja. Sitasema walioshindwa walikuwa wabaya. Vibanda vingeleta ushuru, na mji haukuwa hata na toroli la takataka.

Mimi na vibarua wangu tulipanda miche ya jakaranda kuzunguka uwanja mzima. Katika wiki mbili hakukubaki kitu. Mingine ililiwa na mbuzi, mingine iling'olewa na mikono ya watu ikapandwa kwao. Niliiona kwa macho yangu nyuma ya nyumba ya mwalimu mmoja, nikaitambua kwa makopo yangu. Sikumshtaki. Ilikuwa miti ya serikali, na kwa lugha ya wakati ule maana yake haikuwa na mwenyewe. Tulipanda tena, ikaenda tena. Madiwani walioshindwa kwa kura moja wakaanza kusema waziwazi kwamba bustani imekataa, kwa hiyo turudi kwenye vibanda.

Sasa nafika mahali pangu. Mama Dennis, wakati huo akiwa bibi arusi bado, alikuwa akimtumia mumewe chakula cha mchana kwenye bakuli lililofungwa kwa kitambaa, na chakula kilikuwa kingi kupita mtu mmoja. Makori alikuwa akiniita kupitia dirishani. "Bosibori, njoo ule kabla unga haujaongezeka." Tulikuwa tunakula juu ya meza ya baraza, mlango ukiwa wazi ili watu wasiseme. Siku hiyo ilikuwa obokima, ugali wetu wa wimbi, na mboga ya chinsaga iliyolazwa kwenye maziwa mpaka uchungu ukaisha. Nakumbuka alikata ugali katikati kwa uzi, kama mtu anayepima, akasukuma nusu kubwa upande wangu. Alikuwa na huzuni. Akasema bustani itakufa. Na mimi, mdomo ukiwa na mboga, nikasema, "Kwani si kila diwani apande mti wake mwenyewe, kwa mkono wake, upande unaotazama kwao? Nani atagusa mti wa Ombati?"

Kwa asiyetoka kwetu nieleze. Ukikodi shamba la mtu huku, unaweza kupanda mahindi, wimbi, sukumawiki, chochote kinachokwisha na msimu. Mti hupandi. Ukipanda, mwenye shamba ataung'oa kesho yake bila kugombana na wewe, na hata wewe hutamuuliza sababu. Aliyepanda mti amesema hapa ni pake. Hilo hatufundishwi shuleni, tunakua nalo. Mimi nililijua. Nililijua vizuri sana, na ndilo nililokuwa natumia: nilitaka watu wauone mti wa mtu waogope. Ila nililitazama kwa upande mmoja tu, wa mwizi wa miche. Upande wa mpandaji sikuutazama. Nimejiuliza kama nilikuwa mjinga au nilikuwa na haraka ya kuokoa kitalu changu, kwa sababu bustani ikifa, kazi yangu ilikuwa inakufa nayo. Daftari halisemi. Nadhani ni vyote viwili.

Makori aliacha kutafuna. "Hilo ni jambo," akasema. "Nitalipeleka mimi, kama neno la ofisi. Wakisikia limetoka kwa mwanamke wa kitalu, hawatalipitisha hata kama ni zuri. Utakubali?" Aliniuliza. Lazima niliandike hilo, kwa sababu wako watakaodhani aliliiba wazo langu. Aliniuliza na nikakubali.

Likapita bila kura. Nilimsikia Ombati akipiga meza. "Karani! Kumbe hicho kichwa si cha kubebea kofia tu!" Walimpa mkono mmoja mmoja. Jioni niliandika hivi, nanakili kama ilivyo: Leo Makori amepewa mkono na madiwani wote, mimi nimepewa mashimo ya kuchimba. Nilikuwa na uchungu. Kurasa tano zinazofuata ni za uchungu huo. Nilitaka watu wajue. Nikienda kisimani nilitamani mtu aulize, na nilikuwa nimetayarisha jibu la kujifanya mnyenyekevu. Nikizisoma kurasa hizo leo namwonea haya yule mwanamke, lakini siwezi kuzichana.

Siku ya kupanda alikuja padre na pasta, kila mmoja akaomba ombi lake, la padre likiwa fupi. Nilikuwa nimechagua miche iliyonyooka, nikaandika jina la kila diwani kwenye kibati kwa ncha ya msumari, kwa mwandiko wangu. Ombati alivua viatu. Alipanda mti wake kama mtu anayelaza mtoto, na hilo pia ni haki yake lisemwe. Hakuna aliyepanda vizuri kama yeye. Aliposimama aliwageukia vijana wake akawaambia kwa Ekegusii, huku akipangusa magoti, "Mmeona? Hapa ni petu." Watu walicheka. Mimi nilikuwa nimemshikia kopo la maji, na nilicheka nao.

Mwenyekiti peke yake hakupanda. Alisimama upande wake, karibu na pale choo kilipokuwa kinachimbwa, mikono nyuma. Nilimpelekea mche niliokuwa nimemwekea, uliokuwa mzuri kuliko yote. "Omogaka, huu ni wako," nikamwambia, kwa heshima tunayompa mzee.

"Urudishe kivulini."

"Kwa nini, mzee?"

"Nina vijana sita. Leo nikipanda, mimi najua ni mti wa mji. Wao watajua ni mti wa baba."

"Si utawaeleza?"

"Nitawaeleza nikiwa wapi, mwanangu?"

Alikuwa mtu mchovu siku zote, nami nilidhani ni uchovu. Jioni niliandika: Mzee ana wivu kwa sababu wazo si lake. Nimelipigia mstari. Nilikuwa nimeambiwa kila kitu, kwa maneno mepesi, na mtu ambaye hakuwa na sababu ya kunificha, na nikaandika wivu.

Na ilifanikiwa. Hapa ndipo nachoka kueleza, kwa sababu watu wanataka nianze na ubaya. Hakuna mche hata mmoja uliopotea. Mbuzi wa watu walifungwa kamba. Madiwani walituma watoto kumwagilia asubuhi, wakishindana nani mti wake una majani mengi. Upande wa mwenyekiti ulibaki mtupu. Nilipanda pale mara mbili nyingine miti ya baraza, ikaliwa. Lakini pande tatu zilikuwa kijani, na kwa miezi kadhaa mji wetu ulikuwa na mahali. Niliwaona wanawake kutoka dispensari wamekaa kwenye nyasi, miguu imenyooshwa, mtoto amelala kwenye kanga, hakuna anayewaambia wasogee. Nilipita pale kila siku nikijidai moyoni.

Kabla mwaka haujaisha Ombati alizungushia mti wake waya. Kuzuia mbuzi, alisema, na ilikuwa kweli kwamba mbuzi walikuwepo. Madiwani wengine wakaona, wakazungusha. Waya ukasogea kutoka mti mmoja kufikia mstari mzima, kisha likaja benchi ndani ya waya, kisha paa la mabati juu ya benchi, na ndizi chini ya paa. Makori alimwandikia Ombati barua ya kumtaka avitoe vyote. Hakuituma kwa mtu, alimpelekea mwenyewe, na mimi nilikuwa pale nikipogoa. Ombati aliisoma yote. Hakukasirika. Nafikiri alishangaa kwa kweli. "Karani," akasema, watu wakiwa wamesimama, "si wewe mwenyewe uliniambia nipande? Mtu anakwambia panda mti, halafu anakwambia toka? Wewe ulifikiri nitapanda mti halafu nikae wapi?"

Watu wakamtazama Makori. Ilikuwa zamu ya mtu kusema neno, na mtu huyo alikuwa mimi, nimeshika panga dogo. Makori hakunitazama. Nimelifikiria hilo kuliko jambo lolote la mwaka ule. Mtu anayetaka kusaidiwa hukutazama. Yeye alitazama barua yake, akaikunja mara mbili, akaitia mfukoni, akaondoka. Nami nilirudi kwenye matawi. Daftari la siku hiyo lina mstari mmoja tu, kuhusu mvua.

Tangu hapo walimwita Karani wa Miti. Sokoni, kanisani, kwenye mazishi ya watu wengine. Watoto wake walikua wakiitwa wa miti. Baraza lilikufa na mengine yakaja, kila moja likiahidi kurudisha uwanja, na pande tatu zikawa maduka ya ghorofa. Palipobaki ni ule upande wa mwenyekiti, wenye choo, usio na mti, ambao hakuna mtu wa kusema ni wa baba yake. Watu wanaongojea gari hukaa pale juani, wamejifunika magazeti.

Kesi ilisikilizwa kwenye ukumbi wa kanisa. Afisa wa manispaa alikuwa msichana mpole, mwenye kompyuta mapajani. Mjukuu wa Ombati alisimama akasema babu yake alipewa, akaonyesha picha ya mti na kibati changu kimemezwa nusu na gome. Hakuwa anadanganya, ndivyo alivyokuzwa. Kisha akasema, "Tulipewa na karani Makori, na kama alikosea, aulizwe yeye." Mama Dennis alikuwa safu ya mbele, kitambaa cha msiba bado kichwani. Nikainua mkono.

Nilisema yote, kama nilivyoyaandika hapa. Kwamba hakuna aliyepewa ardhi. Kwamba wazo lilikuwa langu, na Makori alilibeba kwa ruhusa yangu. Nikasema pia kwamba Ombati alitamka siku ile ile kwamba hapa ni pao, mbele ya baraza zima, na hakuna aliyempinga, mimi nikiwa mmoja wa waliocheka. Mjukuu wake akanishukuru kwa hilo. Mtu nyuma akasema, "Huyu mama yuko upande gani?" Msichana wa kompyuta alingoja nikamaliza. "Asante, cucu," akaniambia, maana alikuwa mgeni huku, na ndivyo wanavyomwita nyanya kwao. "Lakini tunaandika ya mipaka tu. Nani alikuwa na wazo, hiyo haina mahali kwenye fomu." Upande wa choo ukaamuliwa kubaki wa umma. Pande tatu zitaenda kortini.

Nje, Mama Dennis alinipita kwanza, kisha akarudi. "Watoto wangu hawakuwa ndani," akasema. "Jumapili baada ya misa, uje uyaseme hayo kwangu, wakiwa wamekaa."

Nilienda. Walikuwa wanne, watu wazima wenye mvi za kwanza, na wajukuu mlangoni. Chakula kilikuwa mezani lakini hakuna aliyenikaribisha kula, na ilikuwa sawa. Niliyasema mara ya pili, na ya pili ilikuwa ngumu kuliko ya ukumbini kwa sababu hakuna aliyenikatiza. Dennis, mkubwa wao, alikuwa ametazama sakafu muda wote.

"Baba alijua kwamba ungeweza kusema?"

"Alijua."

"Na hakukuuliza hata siku moja?"

"Hakuniuliza. Tukikutana tulisalimiana, akauliza miche iko namna gani."

"Mama, wewe ulijua?"

"Nilijua kuna mtu," mama yake akasema. "Jina hakunitajia."

Dennis akainua macho. "Kwa hivyo mlinyamaza wote wawili."

"Ndiyo," nikasema.

"Lakini aliyetukanwa ni mmoja."

Nilisema ndiyo tena. Mama Dennis aliinuka, akaleta maji ya kunawa mikono, akaanzia kwa mtoto mkubwa akazunguka chumba chote kwa utaratibu wa umri wao. Alipofika kwangu alisimama na jagi muda mrefu. Kisha akamimina.